Lango Lenye Sauti Yake

Daktari Mshana hakumwambia Nakiete kwamba anaumwa. Alimwekea sauti asikilize, kisha akatoka kwenda kuandaa chai, maana alikuwa mwanamke mwenye adabu na alijua kuna mambo mtu hayasikilizi vizuri akitazamwa.

Sauti ilikuwa ya Nakiete mwenyewe. Malango ya maji katika milima yote ya Upare yaliwekewa masikio baada ya ukame mkubwa, watu walipoanza kuibiana zamu na kupasuana vichwa kwa majembe. Tangu hapo lango la ndiva, lile bwawa la kijiji linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, halikufunguka kwa mkono wala kwa ufunguo. Lilifunguka kwa sauti ya mtu mmoja, mgawa maji aliyechaguliwa na kijiji, na kila alilolisemesha lililihifadhi pamoja na siku na saa yake. Kwa miaka tisa lango la Kiranda, kijiji chake, lilimsikia Nakiete mara mbili kwa siku. Fungua. Funga. Hata kondoo wana maneno mengi kuliko hayo.

Sasa alijisikia akilisemesha mara mia na kumi na nne ndani ya siku nane. Fungua yote. Funga. Fungua nusu, hapana, yote, maji ni ya Mungu. Alilieleza kwamba mlima una mishipa, na kwamba yeye peke yake amejaliwa kuiona. Aliliimbia. Kufikia siku ya sita alikuwa hamalizi neno kabla ya kushika lingine, na katikati ya maneno alikuwa anacheka, kicheko kizuri, cha mtu anayependwa na dunia nzima. Kicheko hicho ndicho kilichomuuma. Alikitamani.

Daktari alirudi na vikombe viwili, akakaa.

"Kama mlevi," Nakiete alisema.

"Hukulewa. Ulilala saa ngapi siku zile?"

"Sikumbuki kulala."

"Hata lango halikumbuki. Kila saa lina neno lako. Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nililala wiki sita."

"Ulijilaza wiki sita. Kulala ni kitu kingine." Daktari alimsogezea sukari. "Wifi yako ameniambia alikuwa anakulisha uji kwa kijiko, na wewe umeelekea ukutani. Na shangazi yako, yule waliyesema ana mashetani ya msimu?"

Nakiete alimkumbuka shangazi Namkunda, aliyekuwa akigawa nguo zake zote kila baada ya miaka miwili mitatu, kisha anajifungia ndani. Watoto walimpenda akiwa anagawa. Akijifungia walikatazwa kumtaja.

"Huu ugonjwa una jina," daktari alisema. "Baipola. Hisia zinapanda kupita kiasi, kisha zinashuka kupita kiasi. Wewe uko hapo katikati, na ndiye ninayeongea naye sasa, kwa sababu vidonge vimekushika."

"Nitavimeza mpaka lini?"

"Muda mrefu. Tutapima damu, tutapunguza, tutaongeza. Usingoje siku nitakayokuambia yatosha."

Nakiete alikuwa amekuja na maswali kumi na mawili kichwani, na kilichobaki kilikuwa aibu tu. Daktari akatoa barua ya kamati ya maji. Kamati ilimpa mpaka kikao cha Jumanne. Ama akubali Agano, ama arudishe kazi.

Agano lilikuwa ni sheria mpya kidogo, iliyotungwa kwa ajili ya watu wenye maradhi yanayokwenda na kurudi. Punje ndogo kama mbegu ya mchicha huwekwa chini ya ngozi ya bega. Punje husoma usingizi, mapigo ya moyo, na kasi ya maneno. Mtu akiwa mzima hurekodi uamuzi wake, na siku punje ikiona anaanza kupanda, lango humkatalia, kwa sauti yake mwenyewe na kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe. Tena huchagua msimamizi mmoja, asiye wa damu yake, mwenye uwezo wa kuliamuru lango limpokee au kufungua badala yake.

"Msimamizi wa nini, kama punje inajua kila kitu?"

"Haijui kila kitu. Mtu akifurahi sana inababaika. Katika kukataa mara sita, moja huwa si ugonjwa."

"Na mimi nitajuaje ni ipi?"

Daktari Mshana alikunywa chai yake taratibu. "Hutajua," alisema. "Ndiyo maana kuna mtu wa pili."

*

Hapa lazima pembe ielezwe, la sivyo msomaji atadhani watu wa Kiranda ni wajinga, na si wajinga.

Upareni, pembe ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia, huulizi. Unashika jembe. Mgawa maji akiona mfereji umeziba humwambia mpiga pembe, mpiga pembe hupuliza, na kila nyumba hutoa mtu. Asiyetoa mtu, majirani humnunia hadi mwaka uishe, na kununiwa mlimani ni adhabu, kwa sababu huna pengine pa kwenda. Desturi hiyo ndiyo iliyojenga matuta na mifereji yote unayoiona. Ndiyo pia iliyowaponza, kwa kuwa siku zile nane pembe ililia kila alfajiri, ikalia sawasawa kama inavyotakiwa, na watu mia mbili wakapanda kuchimba ndiva ya juu ambayo hakuna kikao kilichoipanga, kwa amri ya mwanamke aliyevaa koti la mvua juani. Hakuna aliyeuliza. Pembe ilikuwa imelia.

Wiki ileile Nakiete alifungua ndiva ya chini, ile ya zamani yenye lango, mpaka ikabaki tope. Maji yalishuka kwa kishindo, yakabeba matuta ya mbegu ya tangawizi ya Mama Kadeghe, mbegu aliyoikuza miaka mitatu, na kijiji kikakaa siku kumi na tisa bila tone. Maji yakimwagika hayazoleki. Kisha mvua zikanyesha, ndiva ya juu ikajaa pomoni, na watu wakaanza kuiita Ndiva ya Nakiete. Ndivyo tulivyo wanadamu; koo likilowa, kiu husahaulika.

Kwenye ukingo wa ndiva hiyo ndipo Mrindoko, kaka yake na mpiga pembe wa kijiji, alipomletea makande ya mchana.

"Usiende kuitajia kamati ugonjwa," alisema, akifunua sufuria. "Tazama maji haya. Mgonjwa anachimba ndiva?"

"Mgonjwa ndiye aliyechimba. Na ndiye aliyemmaliza Mama Kadeghe."

"Yule alishasamehe."

"Amekuambia?"

Mrindoko alichota makande, akatafuna muda mrefu kuliko mahindi yalivyohitaji. "Basi rudisha kazi. Sema umechoka, miaka tisa si mchezo. Watakuheshimu mpaka unazikwa. Ukisema baipola, dada yangu, kila ukicheka watatazamana."

Hilo lilikuwa kweli, na Nakiete alilijua. Kuacha kazi kungekuwa rahisi. Angebaki na jina zuri na bwawa lenye jina lake, na ugonjwa angeuficha ndani kama walivyomfichia shangazi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, kaka."

"Kifo kiko mbali. Watu wako karibu."

Walikula. Baadaye Nakiete akauliza swali alilokuwa akilizunguka kwa miezi. "Uliona lini kwamba siko sawa?"

Mrindoko hakujifanya kutoelewa. "Siku ya nne. Ulikuja unaniambia habari za marehemu baba kana kwamba umetoka kunywa naye chai asubuhi hiyo."

"Na ukapuliza."

"Nikapuliza." Alikuwa akiongea na sufuria. "Miaka ishirini nawapulizia watu waje kuzoa tope, wanakuja wamenuna. Siku zile walikuja wakiimba, Nakiete. Wazee walikimbia kupanda mlima. Nilijua, lakini nilitaka iendelee kidogo."

Nakiete alikasirika, kisha akamwonea huruma, na huruma ikazidi. Siku zote aliamini aliugua peke yake. Hakuwa amefikiri kwamba watu wengine waliota moto wake, wakaupenda, wakaongeza kuni. Kama ni hivyo, basi akipanda tena hakutakuwa na wa kumzuia kijiji kizima, kaka yake akiwa wa kwanza.

Aliosha mkono kwenye maji ya ndiva, akainuka.

"Unakwenda wapi? Hujamaliza."

"Kwa mtu ambaye hakuimba," alisema.

*

Mama Kadeghe alikuwa barazani kwake, akikatakata tangawizi ya mbegu aliyopewa na dada yake, kila kipande na jicho lake. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, mwenye ulimi ambao hata mchungaji aliukwepa. Aliitikia shikamoo bila kuinua kichwa. Nakiete alitafuta kisu cha pili, akaketi kwenye kigoda, akaanza kukata naye. Walikata karibu kapu zima.

"Unakata vidogo mno," Mama Kadeghe alisema mwishowe. "Hicho hakioti."

Nakiete akakata vikubwa. Halafu akamweleza yote, jina la ugonjwa, vidonge, punje, na lango litakalomkatalia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile kwa mtu asiye daktari wala ndugu. Alidhani lingemkwama kooni, lakini lilitoka kama maneno mengine.

"Nataka uwe msimamizi wangu."

"Una ndugu tele."

"Ndugu hawaruhusiwi."

"Una majirani mia mbili wanaokuimbia."

"Ndiyo sababu. Wote wananisifu. Wewe peke yako hujawahi."

Kisu cha Mama Kadeghe kilitulia. "Na nikikosea? Nikidhani uko sawa kumbe unapanda?"

"Shamba la kwanza chini ya lango ni lako."

"Kwa hiyo umenichagua kwa kuwa nitaogopa."

"Ndiyo, mama."

Mama Kadeghe alicheka, kidogo tu, puani. "Akili unazo, hata kama zina msimu." Akarudi kwenye tangawizi. "Ila sikukusamehe, ujue. Kila nikipita pale kwenye matuta roho inanichoma. Mbegu ile nilianza kuikuza marehemu akiwa hai."

"Najua."

"Usiseme unajua. Sema umesikia."

"Nimesikia."

Jua lilikuwa limehamia upande wao. Mama Kadeghe alisogeza kapu kivulini, akasogeza na kigoda cha Nakiete, bila kuombwa.

"Nitakubali," alisema. "Lakini mimi sitaki kupigiwa kelele na mashine, sijui punje imesema hivi, sijui asilimia ngapi. Likikukatalia, uje mwenyewe kwa miguu yako mpaka hapa, nikutazame. Hata kama kijiji kizima kinakuona unakuja. Hasa kama kinakuona."

*

Jumanne kamati ilisimama mbali na lango ili Nakiete arekodi kwa faragha, ingawa wote walitega masikio. Mara ya kwanza alizungumza kwa ukali, kama anamfokea mtoto aliyevunja chungu. Daktari Mshana alitikisa kichwa.

"Atakayeisikia hatakuwa adui yako," alisema. "Atakuwa wewe, na atakuwa anajiona yuko sawa kabisa. Ungependa kuambiwaje?"

Nakiete alijaribu kumwona yule mwanamke wa koti la mvua akija mbio, anacheka, ana mlima mzima kifuani. Miezi yote alikuwa akimwogopa na kumwonea haya. Sasa, akiwa anamtafutia maneno, aligundua kwamba alimpenda kidogo na alitaka asiumie. Hapo lilimjia jambo ambalo vidonge havikuwa vimempa: mwanamke yule hakuwa shetani wa msimu wala kipaji kutoka mbinguni. Alikuwa Nakiete, akiumwa.

Akarekodi kwa sauti ya kawaida. "Nakiete, ni mimi. Leo sifungui. Nenda kwa Mama Kadeghe, atakutazama."

Lango likahifadhi.

*

Miezi saba ilipita, na lango halikusema chochote zaidi ya kutii. Vidonge vilimnenepesha na kumtetemesha vidole kidogo, akalalamika, daktari akapunguza, mambo yakaenda. Watu walitazamana alipocheka, kama alivyoambiwa. Baadaye wengine walichoka kutazamana.

Kisha binti wa Mrindoko akaolewa. Harusi ilichukua siku mbili, na Nakiete alicheza. Alicheza na wifi zake, na mabibi wasio na meno, hadi sauti ikamkauka. Asubuhi ya tatu alipanda kwenda langoni akiwa amelala saa nne tu, hewa imeoshwa na mvua ya jana, kila jani analiona lilivyo, na ndani yake kitu kimejaa mpaka kinataka kumwagika. Alikuwa anaimba njia nzima. Chini kwenye mashamba watu wa zamu ya kwanza walishasimama na majembe yao.

"Fungua," alisema.

Lango halikusogea. Halafu ikaja sauti yake, tulivu, ya Jumanne ile.

"Nakiete, ni mimi. Leo sifungui. Nenda kwa Mama Kadeghe, atakutazama."

Wimbo ulimkatika mdomoni. Kwanza alipandwa na hasira, hasira ya kupigwa kofi mbele za watu. Alitaka kubishana nalo, akagundua kwamba kubishana na lango ndiko hasa kulikokuwa kwenye zile sauti mia na kumi na nne, akafunga mdomo. Ukaja woga. Alijikagua kama mtu anayejipapasa baada ya kuanguka. Alikuwa na furaha? Ndiyo. Furaha ilikuwa na sababu? Ndiyo, lakini hata siku zile nane alikuwa na sababu, tena nzuri. Alikuwa amelala? Kidogo. Alijiona yuko sawa? Kabisa. Na hapo ndipo palipomtisha, maana daktari alimwambia hivyohivyo.

Kwenye kibanda cha lango kulikuwa na nondo ya dharura. Mtu mmoja mwenye nguvu angeweza kulinyanyua lango nayo. Watu walikuwa wanangoja, miche ilikuwa inataka maji, na pengine hii ilikuwa ile moja katika sita. Aliitazama nondo ile, na alijua angeweza, na alijua hakuna wa Kiranda ambaye angemshika mkono. Akakifunga kibanda, akageuka kushuka.

Njia ya kwa Mama Kadeghe ilipita katikati ya mashamba yote. Wale mia mbili walijua maana ya mgawa maji kushuka asubuhi na nyuma yake lango limefungwa. Walimsalimia wakitazama pembeni. Mrindoko, uso bado una uchovu wa harusi, alifungua mdomo kusema neno, kisha akaufunga, na kwa mara ya kwanza Nakiete alimshukuru kwa kunyamaza.

Mama Kadeghe alikuwa anachambua maharage. Alimtazama mara moja tu, akamwonyesha kigoda.

"Limenikataa," Nakiete alisema. "Nimelala kidogo, harusi, unajua, na asubuhi nimeamka naona kila kitu ..."

"Nyamaza kwanza. Chambua."

Alichambua. Mabovu huku, mazuri huku. Ilikuwa vigumu mwanzoni, mdomo ukimwasha kwa maneno, kisha haikuwa vigumu sana. Mama Kadeghe alimpa uji akanywa. Alimuuliza kuhusu bibi harusi, akasikiliza jibu mpaka mwisho, akasikiliza kama jibu lina mwisho. Alimuuliza leo zamu ni ya nani. Alimuuliza kama kuna kitu kipya anachotaka kijiji kichimbe.

"Hapana," Nakiete alisema, na mwenyewe akashangaa. "Nataka tu kufungua maji nirudi nikalale."

Kule juu mlimani, tangawizi ya Mama Kadeghe ilikuwa imesimama kwa matuta manne, imebakiza wiki tatu kung'olewa, chini tu ya lango. Mama mwenye nyumba aliitazama kwa muda. Akamtazama Nakiete kwa muda ule ule. Halafu akajipangusa mikono, akavaa kandambili zake.

"Twende."

Walipanda pamoja polepole kwa ajili ya magoti ya yule mzee, na watu wakaacha majembe kuwatazama. Mbele ya lango Mama Kadeghe alivuta pumzi, akainua sauti, kwa namna wazee wanavyozungumza na mashine, kana kwamba mashine ni kiziwi.

"Mimi ni msimamizi. Huyu haumwi. Huyu amefurahi tu. Mpokee."

Nakiete alijaribu kusema fungua, na sauti haikutoka. Ilimbidi alie kwanza, pale pale, mbele ya watu wote, Mama Kadeghe akimngojea. Mara ya pili sauti ikatoka, na lango likafunguka.